Programu Iliyopanda Karoti Kwenye Kaburi Lako

Mama Chebet,

Binti yako ameniletea kishikwambi. Anataka nichague programu ya kupangia bustani ya nyumbani, nichore yangu, halafu yeye atafute wa kulima. Anasema nikikaa bure nitaoza. Naoza tayari. Moyo umechoka, miguu imejaa maji, na kutoka kitandani hadi dirishani ni safari ya kupumzika njiani. Lakini mwalimu wa jiografia hakosi la kukosoa, kwa hiyo nilikubali.

Programu ya kwanza iliniuliza theluji huisha mwezi gani. Hapa Mogogosiek! Nikaandika kwamba haianzi, ikakataa kuendelea. Kisha ikaweka kivuli cha nyumba upande wa kaskazini mwaka mzima, kana kwamba jua halijawahi kupita juu ya vichwa vyetu. Nikaifuta.

Ya pili ilikuwa na orodha ndefu ya mimea. Nikatafuta mboga yetu ya managu. Unajua ilisema nini? Gugu lenye sumu, ling'olewe. Ulitulisha sumu hiyo kwa maziwa miaka yote, na watoto wakagombania kukomba chungu. Chebet alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka kidogo, nikakohoa sana.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua. Hiyo inachukua picha ya boma kutoka angani na kukuachia uchore juu yake. Inajua mteremko, inajua maji yanakokimbilia. Nilichora nyumba, tangi la maji, zizi. Kisha nikafika kwenye ule mstatili mweupe nyuma ya jiko. Programu ikauliza hiki ni nini: njia, bwawa, baraza au kitanda cha mboga? Kaburi halikuwemo. Chebet akabofya kitanda cha mboga, ili tu tusonge mbele, na papo hapo vigae vyako vikajaa picha za karoti na saladi.

Akaziba mdomo kwa mkono. "Baba, pole, nafuta." Nikamwambia aache. Hakuelewa kwa nini, na sikuwa na pumzi ya kumweleza. Wewe nakueleza.

Programu ile haikukosea. Pale palikuwa kitanda cha mboga. Palikuwa kabungut yako, bustani ya mwanamke nyuma ya nyumba, ambamo mume haingii kuchuma bila kukaribishwa. Ulikuwa ukiniona nimesimama kwenye ua, unaniambia, "Mwalimu, ramani ya Kanada unaijua, lakini mlango wa kabungut yangu unakupotea?" Na mimi nangoja kama mgeni, mpaka unikabidhi fungu la mboga ya saga.

Siku ya kuchimba, Kiprono aliniuliza, "Baba, tumlaze wapi?" Wazee wa kanisa walikuwa wamesimama, vijana wameshika majembe. Mahali pazuri palikuwa wazi kwa kila mwenye macho: kule chini kwenye chai, mteremko umelala, udongo haushiki maji. Ingebidi kung'oa mashina ya mistari ya juu tu. Nikayatazama. Yalikuwa yamechipua, yako tayari kuchumwa. Nikaumia, Mama Chebet. Wewe ulikuwa ndani ya sanduku na mimi nikaumia kwa ajili ya mashina ya chai.

Basi nikanyoosha fimbo kuelekea kabungut yako. Nikasema, kwa sauti ile ya darasani, "Mama aliipenda bustani yake. Mwacheni alale ndani yake."

Wanawake walilia. Mchungaji aliyarudia maneno yangu katika mahubiri, akawaambia vijana waone mume anavyompenda mke. Watu hunisifu mpaka leo wakija kunijulia hali. Nami huzimeza sifa hizo pamoja na vidonge.

Waombolezaji waliikanyaga managu yako ikalala. Hakuna aliyepanda tena, maana nani alime mguuni pa kaburi? Binti yako hununua mboga sokoni, zilizonyauka, kutoka kwa watu wasiomjua mama yake. Sikukulaza kwenye bustani yako. Niliitoa bustani yako ili chai ibaki.

Sasa sikia kilichofuata. Tuliiambia programu itafute mahali pa bustani mpya, karibu na maji, penye jua la asubuhi na mteremko mdogo. Ikapaka kijani kule chini kwenye chai. Palepale. Nilihisi kama mwanafunzi aliyenaswa akinakili.

Nikampigia Kiprono simu, nikamwambia mistari ile inang'olewa. Akasema, "Baba, chai haing'olewi hivi hivi. Nikija Desemba tutaongea." Mtoto wetu ana adabu. Anajua, nami najua, kwamba Desemba hiyo mimi simo. Anangoja. Siwezi kumlaumu, ni nani aliyemfundisha kuheshimu shina la chai kuliko mtu?

Sikungoja Desemba. Chebet amewaleta vijana wenye majembe ya uma na shoka. Mizizi ya chai ni mikaidi, inashika kama mkono wa mtu anayezama, na kila shina linalotoka linanichoma mahali palepale. Vizuri. Lichome.

Kwenye programu kuna nafasi ya jina la bustani. Chebet aliniandikia jina langu kwa heshima. Nikalifuta, nikaweka lako.

Kisha nikachora mstatili mwingine. Chebet alipoelewa ni nini, alinishika kidole: "Ah, Baba, hapana! Watu wamezoea kuona mume kando ya mke." Nikamwambia watu wamezoea mengi. Nilimngoja aende kupika chai, nikauhifadhi mwenyewe. Haupo kando yako. Upo kule mwisho, ng'ambo ya bustani mpya, katikati ya mashina yaliyobaki. Mchungaji hatapata la kusifu.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, naelewa, mimi bado sijajisamehe. Nakuahidi mvua ikishika, managu itapandwa kwanza, kabla ya kabichi za binti yako. Pia nitamwambia Chebet haya yote kwa mdomo wangu, kesho, kabla pumzi haijaisha, ili Kiprono akija na hoja zake akute dada yake anajua kwa nini.

Buriani, Mama Chebet. Lala. Mbele ya watu wote niliichagua chai, basi nitalala nayo.

Mwalimu wako