Kwangu Inafunguka, kwa Mama Bharti Inagoma

Jumatano, 8 Oktoba 2003

Siku nzima kukompaili. Programu ya kuandika Kigujarati haikuja tayari, ilikuja maandishi tu kwenye sidii, mashine ndiyo inaijenga. Mama Bharti, mwenye duka hili la kuchapa, kila akipita nyuma yangu anauliza kama imeiva. Mashine yenyewe mtumba wa Dubai — inaiva taratibu.

Ikaisha. Nikaifungua, ikagoma. Eti kuna laibrari haioni, yaani faili moja la kuisaidia. Lakini lipo! Nimelijenga mwenyewe, nimeliona kwenye folda yake.

Nikampigia Zena wa Mlimani, aliyenipa sidii. Akacheka. Faili lipo, mashine haijui pa kulitafuta. Kama muuzaji mgeni wa spea pale Gerezani: beringi iko juu ya kabati, yeye anaangalia rafu za mbele tu, anakwambia hatuna. Akanitajia mstari mmoja wa kuielekeza. Nikauandika. Ikafunguka.

Mama akavuta kiti, akaandika jina la bintiye, Khushi, kwa lugha yao. Amechapa kadi za harusi za watoto wa watu miaka yote, alisema, ya mwanawe itatoka hapahapa. Nikamwambia bila shaka. Mdomo huu!

Alhamisi, 9 Oktoba

Mama aliwahi dukani, akaiwasha, akaifungua kama nilivyomwonyesha. Imegoma. Laibrari ileile. Nikafika mimi, nikaandika mstari wa Zena, ikafunguka. Akaniangalia kwa jicho baya.

Wiki ijayo niko Arusha, kazi mpya. Atabaki na mashine peke yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Aibu. Wakwe wa Khushi walikuja kuiona kadi, mimi nilikuwa msikitini. Mama akaifungua mbele yao — ikagoma. Nimerudi nimekuta wanapewa chai ya pili.

Walipoondoka nikatafuta mchawi, nikampata: plagi. Mama akifunga duka anachomoa kila kitu ukutani, hadi feni. Umeme umeshamuunguzia printa mbili. Nikamwambia, Mama, unaichomoa ndiyo maana inasahau. Akajibu kwa upole kwamba friji nayo anaichomoa, haijawahi kusahau kugandisha.

Halafu akasema la moyoni. Kadi ya kwanza hapewi mtu, anapelekewa mungu wao Ganesh hekaluni, na maharaj, kuhani wao, amechagua Jumatatu jioni. Hawezi kuanza harusi na mashine inayomsikiliza mtu mmoja, naye anaondoka. Jumatatu isipofunguka kwa mkono wake, kadi inakwenda kwa wapinzani wake kule mjini, na yeye kadi basi tena. Duka ni la marehemu mumewe.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeifungua mimi. Tumepanga maneno. Wakwe wamepiga simu, kuna babu amesahaulika. Kuchapa Jumatatu.

Jumapili, 12 Oktoba

Magomeni, nafua. Nikashtuka na shuka mkononi.

Mstari wa Zena unaishi kwenye dirisha lile tu la skrini nililouandikia. Ukifunga dirisha, nao umekwenda. Plagi haina kosa, hata ukiizima kwa adabu zote itasahau vilevile. Kinachotakiwa ni folda iandikwe kwenye orodha ya kudumu ya mashine, kisha itolewe amri orodha isomwe upya. Nadhani Zena alinieleza na hilo. Mimi nilishaona herufi zinatokea, sikio likaziba.

Jumatatu, 13 Oktoba

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usiguse."

Mashine inawaka! Kadi iko wazi kwenye skrini. Hajaichomoa tangu Jumamosi, kwa sababu nilimwambia. Siku mbili hajalala, anaona duka linaungua. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nikamwambia kosa si plagi, kosa langu. Nikamwomba nitengeneze. Nikaandika folda, nikatoa amri, mashine haikulalamika. Nikataka nifunge programu aifungue yeye, tuone. Akanishika mkono.

"Mlango uko wazi, Najma. Unaufunga wa nini? Chapa kwanza."

Nikaongeza jina la babu, nikahifadhi, nikageukia printa —

Umeme ukakatika.

Saa nane sasa. Naandikia hapa kaunta. Kesho sikukuu, kila kitu kitafungwa. Mama amevaa viatu, bahasha ya maneno ya kadi iko mkononi, aipeleke kwa wapinzani, lakini hajatoka. Nilimwambia umeme ukirudi nitaifungua mimi mara moja. Akasema hapana, si tulikubaliana ni kwa mkono wake?

Feni ya jirani imeanza kuzunguka. Umerudi.

Ameivua miwani, ameifuta, ameivaa. Ameiwasha mashine. Nimeambiwa nikae hapahapa. Naandika ili mikono isipate nafasi ya kumsaidia. Hakuna mstari wa Zena, hakuna mimi. Ameweka bahasha chini. Anaandika jina la programu kwa kidole kimoja, herufi moja moja, anazitamka kwa sauti. Imebaki moja —