Kigoda cha Serwaa na mthamini wa Accra

Agyei, uko hapo? Nimeaibishwa nyumbani kwangu mwenyewe na bado nacheka.

Kigoda cha marehemu baba unakijua. Wiki nzima nimekipiga msasa na kukipaka vanishi, maana leo alikuja mthamini wa vitu vya kale kutoka Accra.

Akakitazama. "Mzee, thamani yake ilikuwa ule weusi wa miaka yote. Sasa ni kiti tu."

Kiti tu, Agyei. Mbele ya mke wangu.

Nikaanza kumfafanulia tofauti ya bei na thamani, kama tulivyosoma darasa la usiku. Hakunisikiliza. Alikuwa anachungulia jikoni, mke wangu Serwaa alikokaa akigeuza fufu ya muhogo.

"Mama, hicho ulichokalia nakupa cedi elfu nane."

Elfu nane. Kigoda cheusi kwa moshi na mawese. Nikamkonyeza Serwaa akubali.

Hata hakuinuka. "Huyu mzee wangu alinipa kigoda hiki siku ya ndoa ili nisimkimbie. Ukikibeba, nibebe na mimi. Utaniweza?"

Mthamini akaondoka mikono mitupu.

Nami miaka arobaini na saba nilidhani anabaki kwa ajili ya elimu yangu.