Jiwe Lililobaki Nyuma ya Kiti

Kianjokoma,
Embu.
14 Agosti 2019

Mpendwa kaka Njoka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe, Makandi na watoto mnaendelea vyema huko Kanada, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Sisi tunapumua, Mungu asifiwe, ila siwezi kukudanganya kwamba tu wazima. Jua tumelisahau, ukungu unafika hadi mlango wa jikoni.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Nikianza kukueleza nalia, nawe unanyamaza, tunakata hivyo hivyo. Binti ya mwalimu Phyllis anarudi huko wiki hii na atakupa barua hii mkononi.

Unajua kwamba Baba amekatwa mguu. Hujaambiwa ilivyokuwa.

Ile mashine ya mchezo wa magari uliyomtumia Mwaniki, yenye usukani na pedali, ilifanya kazi. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu ni kweli. Mdogo wetu aliifunga kwenye meza ya kulia, akaendesha barabara za Ulaya mpaka Mama akalalamika kwamba sisi sasa tunakulia magotini. Alipoingia shule ya udereva mjini Embu, mwalimu wake hakuamini kwamba hajawahi kushika gari. Kona anazijua, vioo anavitazama, gia anabadilisha bila kuangalia chini. Alipita mtihani mara ya kwanza. Mimi niliyekuwa nikimcheka nilifunga mdomo.

Basi Baba akamwachia pikapu apeleke majani chai kituoni. Unaikumbuka pikapu hiyo. Breki ya mkono ilikufa wewe ukiwa bado hapa, na hatukuitengeneza kwa sababu tulikuwa na jiwe. Anayekaa upande wa kushoto anaruka nalo, analiweka nyuma ya gurudumu, ndipo dereva anatoa mguu kwenye breki. Ulikuwa ukiruka wewe, nikaja mimi, akaja Mwaniki. Alilibeba jiwe hilo miaka yote, lakini hakuwa amewahi kuwa dereva. Siku ile kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, maana Baba alipanda nyuma kushikilia magunia.

Barabara ilikuwa utelezi mtupu, na bado aliupanda mlima wa kituo vizuri ajabu. Waliokuwa foleni ya kupima majani walimpigia makofi. Mzee Salesio akapaza sauti: "Huyu kijana amesomea kwa TV na anaendesha kutushinda sisi wote!" Mwaniki akazima gari, akashuka akicheka kwenda kuwasalimia. Kwenye mashine yako ukimaliza unainuka tu, na gari linakungoja pale ulipoliacha. Baba alikuwa ameshuka chini, anavuta gunia la kwanza. Pikapu ikarudi nyuma, ikambana kwenye nguzo ya kituo. Jiwe lilikuwa bado nyuma ya kiti.

Watu wa kanisa wanakuja na unga na sukari, wanaomba, wanatuambia ajali haina kinga. Nawashukuru kwa unga. Lakini hii ilikuwa na kinga, Njoka, na kinga yenyewe, lile jiwe, tumeikanyaga na kuikalia tangu utoto. Ninaposikia maneno hayo natoka nje nikachanje kuni.

Mama alitaka kuitia ile mashine motoni. Baba, akiwa kitandani, akamkataza: "Wachana nayo. Hiyo kitu haina makosa, na kijana pia hana. Mlima ndio haiujui." Kidonda chake kinapona polepole. Anauliza habari ya majani kila asubuhi, na nani anachuna.

Anayeniogopesha ni Mwaniki. Hali nasi. Kanisani haendi, kituoni haendi, na chakula nikimpelekea nakikuta vile vile. Hajamwangalia Baba usoni tangu tumlete kutoka hospitali.

Jana nilimkuta ameitoa tena mashine, anaendesha bila sauti. Hasira zilinipanda, nikasimama mlangoni nikimtazama. Akaendesha mpaka akapata mlima. Akasimama katikati yake, akatoa miguu kwenye pedali, akaweka mikono magotini, akatulia. Gari halikusonga. Akatafuta mlima mwingine, akafanya hivyo hivyo.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Nangoja irudi nyuma, Wambeti," akasema. "Hairudi."

Kaka, ukipata barua hii mpigie yeye, si Baba. Usimuulize habari ya mguu wala usimwambie si kosa lake, hayo ameyasikia mpaka yamemchosha. Muulize kama amekula, na usikate simu hata akinyamaza.

Nisalimie Makandi na watoto. Mama anakusalimu, na Baba anasema usilie huko ugenini. Mungu atufunike sote, huko mliko na huku tulipo.

Dada yako akupendaye,
Wambeti