Mstari wa Ziwa Ilumbi

Jumatatu, 7 Oktoba 1974

Nimechoka. Joto la Tabora mwezi huu halina adabu, na saumu juu yake! Kutwa nzima nimeinama kwenye meza ya kioo, taa inawaka chini, macho yananitoka machozi. Bahasha imefika kutoka Dar: picha nyingine ya setilaiti, Ziwa Ilumbi na pori lote la nyuma ya Kaliua. Imepigwa mwezi wa tano. Ile ya kwanza, niliyochorea ramani ya kijiji kipya, ilipigwa kiangazi.

Nikaweka ramani yangu juu yake. Maji kwenye picha hizi ni meusi tititi, huwezi kukosea. Yameupita mstari wangu. Yameipita barabara. Safu yote ya mbele ya viwanja imezama kwenye weusi.

Nikarudia. Vilevile. Na dada Kuluthumu kahamishiwa hukohuko tangu Agosti! Safu ipi, sijui.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemwonyesha Bwana Wenceslaus, mkubwa wangu. Katazama weee. Hakunikemea. Anasema anaona, si kipofu, lakini mkoa umesharipoti kwamba kijiji kimekamilika, na atakayekwenda kusema kimekosewa asimtaje yeye. Kaniagiza nisafishe ramani, ziwa liwe na mstari mmoja, palepale pa zamani.

Mstari mmoja! Ziwa lenyewe linakwenda na kurudi.

Sikuchora. Sikukataa pia. Nimechonga penseli mpaka saa ya kutoka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Shaban, mume wa dada, kaja mjini kutafuta bawaba za milango. Kafuturu kwangu hapa Ng'ambo. Ana furaha huyo! Wamepata kiwanja cha mbele kabisa. Anasema wenyeji wa kule walikuwa wanawatisha watu, eti ziwa huja kulala pale, hakuna aliyetaka kujenga. Ndipo dada akasimama mkutanoni: ramani hii kaichora mdogo wangu wa tumbo moja, kwa picha iliyopigwa kutoka juu mawinguni, sasa yeye aniweke mimi majini? Watu wakacheka, wakagawana viwanja.

Nikaweka uji chini. Nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Akasema: shemeji, hayo usinibebeshe mimi. Njoo uyaseme mwenyewe.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeomba ruhusa ya Idi. Bwana Wenceslaus kauliza naenda wapi. Kwa dada. Kaniangalia, kasema picha ibaki ofisini.

Nimeibeba. Imo kwenye kikapu, chini ya tende.

Ijumaa, 18 Oktoba. Ilumbi

Jana treni hadi Kaliua, halafu lori la tumbaku. Mgongo si wangu tena. Sikukuu ya Idi nimekula vumbi.

Nyumba ya dada imefika madirishani. Matofali ya kuchoma! Maji yako kule mbali, katikati ni nyasi kavu na ng'ombe. Mimi mwenyewe nikitazama naona kama nimeota. Vigelegele vya kunipokea! Jirani, Mama Eustadia, Mkristo wa kanisa la Moraviani, kaleta kuku wa Idi. Wote wanauliza: ndiye huyu? Ndiye!

Nilimvuta dada pembeni, nikampa picha. Aliishika juu chini. Nikaigeuza. Nikamwambia weusi ni maji, na hapa ndipo tuliposimama. Akakaa chini palepale mavumbini. Hakuniuliza maji yatakuja lini. Alisema tu: Mwanahawa, mimi niliwaapia watu hawa.

Nimeona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Na hasira pia, hata sijui ya nani.

Asubuhi hii Mwenyekiti Limbu kapita nyumba kwa nyumba. Mkutano kabla ya sala ya Ijumaa. Anatangaza kuwa mgeni katoka mkoani kuwaondolea watu wasiwasi. Nani kamwambia hivyo? Nilimfuata nikamweleze, keshaondoka na baiskeli yake.

Tangu alfajiri dada yuko ukutani. Anajenga! Anapanga tofali juu ya tofali, nami nakaa hapa kizingitini naandika kwa kuwa sijui la kufanya.

Mama Eustadia kaja kunichukua, watu wameshakaa. Dada kaacha tofali, kanawa mikono, kajifunga khanga yake ya Idi. Ananiuliza, mbele ya jirani, nitasema nini. Mama Eustadia anacheka, ananijibia: aseme nini tena, si kwamba maji hayafiki?

Dada hacheki. Ananyoosha mkono nimpe picha, aibebe yeye mbele ya watu aliowaapia. Nampa, nafunga daftari.