Aya ya Tatu ya Wasifu wa Mgeni Rasmi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Humphrey, katibu wa jumuiya yetu hapa Texas, amethibitisha kwa simu saa nne asubuhi: Lord Edmund Thirlby amekubali kuwa mgeni rasmi. Jumamosi hii, ukumbini Stafford, kando ya Houston. Mwingereza aliyekuwa waziri mara nne! Yuko Houston kwa mkutano wa nishati. Kwetu atazindua mfuko wa masomo ya uuguzi. Mimi niandike wasifu wake na kuusoma.

Miaka thelathini na moja kwenye habari, sasa nakaribisha wageni. Sawa. Wasifu ni vyeo na tarehe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemaliza. Aya nne. Mbunge 2005. Naibu waziri wa uhamiaji 2012. Kisha biashara, nishati, na serikali iliyopita ikampa mambo ya nje.

Aya ya tatu: Machi 2013 alisaini kufungwa kwa mpango wa nchi yake wa kupokea familia za Wakongo kutoka kambini Kigoma. Familia kama mia tatu, zilizokwisha kupimwa afya na kupewa tarehe za ndege. Chanzo: taarifa ya wizara yake na daftari langu. Nilikuwa Kigoma wiki ile.

Kwaya ya Jumamosi inatoka Mesquite. Wakongo watupu. Nimemuuliza Humphrey kama wanajua watamwimbia nani. Hakufikiria kuwaambia.

Jumatano, 8 Oktoba

Kutoka kwangu Lewisville hadi Mesquite, saa nzima ya foleni. Annonciata, kiongozi wa kwaya, anafunga mizigo ghalani. Tumekaa garini mwake wakati wa mapumziko yake, dakika thelathini. Nikamtajia jina la mgeni na kumsomea aya ya tatu. Akafunika chakula chake.

Familia yake ilikuwa kwenye orodha ile. Mama yake alikuwa aende atibiwe figo. Akazikwa kambini Novemba. Waliobaki waliletwa Texas miaka mitatu baadaye.

Nikauliza kama kwaya itajitoa. Hapana, wataimba, wakikosa, watu watasema Wakongo hawana heshima. Kisha:

"Lakini ile maneno yako usitoshe, mama Prudensia. Na jina ya mama usitie. Sitaki banionee huruma. Nataka basikie tarehe."

Nimeandika hivyo hivyo; kwao kutosha ni kuondoa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Humphrey ameifuta aya ya tatu. Badala yake: "alishughulikia masuala ya wakimbizi kwa umahiri mkubwa." Nikampigia.

"Dada Prudensia, mgeni rasmi hasomewi mashtaka."

"Si mashtaka. Ni tarehe."

Akanikumbusha kwamba nyumbani wasifu hupita kamati, na kamati imepitisha. Nikamwambia atafute msomaji mwingine. Hana — ratiba zimeshachapwa na jina langu limo.

Jioni akapiga tena, sauti imeshuka. Kwa desturi yetu wasifu hutumwa kwanza ofisini kwa mgeni auhakiki. Kwa haraka zake ametuma wangu, mzima, aya ya tatu imo.

Ijumaa, 10 Oktoba

London wamejibu. Sentensi tatu kutoka kwa msaidizi wake: Tunashukuru. Familia zilikuwa 412, si 300. Mengine ni sahihi.

Nimecheka peke yangu jikoni. Humphrey anadai kijana wa ofisini hakuelewa kwamba itasomwa hadharani. Huenda. Nimesahihisha namba, nikamtumia na Annonciata.

Saa kumi kapiga mwenyekiti, Kudra, muuguzi, mtu ninayemheshimu. Hakufoka. Wasichana kumi na mmoja wanasubiri mfuko huu, na Thirlby akiudhika ataondoka na wafadhili wake. Akauliza, "Wakikosa masomo, utawaeleza wewe?"

Swali la haki. Nimelala nalo kitandani hadi giza likaingia na sina jibu zaidi ya hili: nitawaeleza mimi. Wanasomea uuguzi, wajue na yule mgonjwa wa figo ambaye hakupanda ndege.

Nimempigia, nikamwambia nitasoma. Akakata simu bila kuaga.

Jumamosi, 11 Oktoba

Stafford, saa tisa kasoro dakika tano. Nyuma ya ukumbi.

Thirlby kafika kwa wakati. Mrefu, mpole, kawapa mkono hata wapishi. Kudra kanisalimia kama kawaida. Wasichana kumi na mmoja, safu ya pili, mashati meupe.

Humphrey amekuja na nakala yake, iliyofupishwa, akaniwekea mkononi. Ameniambia pole pole kwamba yeye ndiye atakayekaa kwenye mitambo, na nikifika aya ya tatu kipaza sauti kitazimwa.

Nimehesabu viti. Mia moja na themanini, dari ya chini, feni mbili. Niliwahi kusoma majina ya waliokufa maji, mbele ya umati uwanjani, umeme umekatika. Hapa nitasikika hadi mlangoni.

Nakala yake nimeikunja nikaikalia.

Kwaya inaingia. Annonciata mstari wa mbele, hatua tatu kutoka kwa kiti cha mgeni. Ananitafuta kwa macho. Nimemwonyesha vidole: nne, moja, mbili. Ameitikia kwa kichwa, kageukia wenzake.

Wimbo mmoja, sala, kisha mimi. Saa tisa na robo.