Mzee Aonyeshe Mwenyewe

Songea

Mama yangu, shikamoo.

Natumaini goti lako limetulia na mvua imefika huko Kondoa. Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila nimechoka. Baridi ya huku inashuka kutoka milima ya Matogoro hadi ndani ya blanketi.

Bado ni karani wa wodi ya upasuaji. Napeleka mafaili hadi chumba cha upasuaji, basi. Wiki iliyopita aliingizwa mzee Ngonyani, mkulima, apasuliwe ngiri. Faili lilisema upande wa kulia. Tukiwa chumba cha upasuaji, mzee amelala kitandani, muuguzi akamuuliza, "Ni kulia, eti babu?" Akaitika, "Ee." Lakini mimi nilimwona siku anajiandikisha, anatembea ameshika kinena cha kushoto. Na ngiri ina tabia hiyo, mtu akilala uvimbe hujificha.

Nikasema, "Samahani dokta, naomba mzee aonyeshe mwenyewe."

Daktari alikuwa amesimama tangu asubuhi. "Karani, leo nawe utashika kisu?" Wakacheka. Hata hivyo akamgeukia mzee, na mzee akaweka kidole kushoto.

"Sasa babu, mbona umeitika kulia?"

"Ninyi ndio mmesoma. Nianze kubishana na daktari, mwanangu?"

Alipasuliwa kushoto, na ameshakwenda kwake salama.

Tangu hapo daktari ameagiza kila mgonjwa aonyeshe mwenyewe kabla ya sindano ya usingizi, na wa kuuliza ni mimi. Wenzangu wananiita Bibi Onyesha. Muuguzi mkuu ananung'unika kwamba nawachelewesha. Nilishaamua kuomba nirudishwe masjala, nikae na makaratasi yasiyotoka damu.

Jana daktari alinikuta kwenye korido, macho yake mekundu kwa uchovu. "Zuhura, mimi nachoka kama mtu yeyote. Siku nikikwambia nyamaza, usinyamaze."

Basi sikuomba uhamisho. Lakini mama, ulinilea nisimjibu mkubwa, na huyu ni mkubwa kwangu kwa umri na kwa cheo. Siku hiyo itafika, naijua. Nipe radhi zako nimjibu.

Nisalimie baba mdogo anayekusaidia shamba, na shangazi fundi cherehani, mwambie gauni lake ndilo linalonisitiri kazini.

Mwanao anayekuombea afya,
Zuhura