Kambale, Wanasema Uliwaruhusu Kucheza Bure

Yaya Kambale, kaka yangu mkubwa,

Tangu tukuzike hapa Bwera, ng'ambo ya mpaka, mbali na kaburi la baba kule Beni, umepata marafiki ambao sikuwahi kuwajua. Wote wanasema uliwaruhusu kucheza gemu bure.

Siku za soko naacha kazi ya kubeba magunia ya kahawa Kyarumba, nashuka kumsaidia mke wako Masika kwenye kibanda chako cha gemu za mpira. Mgongo unauma. Mabenchi yanajaa, kelele za mabao zinafika barabarani, lakini kopo la pesa ni tupu. Mwenye nyumba anataka kibanda chake. Kikifungwa, Masika atawarudisha watoto Beni, kwenye risasi mlizozikimbia. Unajua mwenyewe.

Basi nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku fundi wa pikipiki anayelia akitaja jina lako, maana machozi yake hukauka televisheni ikiwashwa. Nilimshuku Masika, nikidhani anaficha pesa. Hata wewe, yaya. Niliwaza: huyu aligawa chakula cha watoto wake ili asifiwe? Nilipowahoji wachezaji, mmoja akanicheka, akinifananisha na watu wa forodha: "Ndugu, hapa ni kibanda ao ni duane? Bado tu kutuuliza pasipoti!"

Ijumaa akaja Muhindo, mpagazi anayevusha mizigo mpakani. "Mimi ni mutu wa bure," akasema. Nikamtazama vibaya. Mezani kulikuwa na pedi mbili za kuchezea, moja nzima, moja mbovu inayovuta kushoto. Wale wengine hugombania nzima. Yeye akaokota mbovu bila hata kuiangalia, akakaza kidole gumba upande wa kulia kama mtu aliyezoea. Nikamwambia achukue nzuri.

"Apana. Sisi batu ba bure tunachezaka na hii. Kambale alitukatazaka ile ingine. Muzuri ni ya mwenye kulipa."

 Huyo alikuwa wewe kabisa. Nyumbani mgeni hukumnyima kitanda, ila ulimpa kile kinacholia. Lakini mbona hukuniambia, yaya? Ulidhani nitakufa kabla yako?

Soko lililofuata niliziacha pedi zote mbili mezani, nikatazama mikono. Watatu tu walichukua mbovu wenyewe. Aliyeshika nzima nilimwambia alipe. Fundi wa pikipiki alinitukana, nikamwacha atukane. Kisha akalipa. Mpaka leo simwamini.

Masika nilimwomba radhi. Akaendelea kufagia. Jana nikajaribu ile mbovu mimi mwenyewe. Mchezaji wangu akakimbia kushoto, akakimbia tu, mpaka nje ya uwanja. Nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Ni Masika. Sikugeuka, nisije nikamkatiza.

Lala, yaya. Watu wako wa bure watacheza, waongo watalipa, na watoto wako hawatavuka mpaka kurudi. Hilo nakuahidi, hata mgongo ukikatika.

Mdogo wako,
Kasereka